Nilivyomfanya babu yangu mtumwa

Siku ya kwanza kazini nilipewa masharti matatu. Dawa za asubuhi Bibi asizinywe kabla hajala. Paka asitoke nje. Na kifuniko cha piano kisifungwe, hata siku moja.

Mawili ya kwanza niliyaelewa. La tatu nilidhani ni mambo ya uzee, maana piano yenyewe haikuwa na mpigaji. Vidole vya Bibi vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi, na wanawe wanaishi mbali. Mimi nimelelewa Tabora, na kwetu kitu cha thamani hufunikwa. Hata redio ya marehemu baba ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma. Kwa hiyo jioni ya siku ya pili niliipangusa ile piano, nikaifunga, nikaenda zangu. Asubuhi nikamkuta Bibi yuko mbele yake na kiti chake cha magurudumu, kakunja uso.

"Zinataka mwanga," akasema. "Ukiziacha gizani zinageuka njano kama meno ya mvuta tumbaku."

Nikauliza kwani zimetengenezwa kwa kitu gani. Akanishika kidole, akakipitisha polepole juu ya kibonyezo kimoja cheupe, mpaka kikakwaruza kidogo mahali penye ufa mwembamba kama unywele. Plastiki haina hiyo, akaniambia. Hapa ni vipande viwili vya utando vimebandikwa kimoja mbele ya kingine. Nikainama nitazame vizuri. Kweli, ndani ya ule weupe mlikuwa na mistari hafifu, inakwenda kama mistari ya ubao uliopigwa randa.

"Pembe ya ndovu," akasema. "Imetoka kwenu."

Nilikereka, ila sikuonyesha. Mmarekani akisema "kwenu" mara nyingi huwa anamaanisha bara zima, kuanzia Kairo hadi Cape Town, na nimechoka kusahihisha. Nikajibu tu, "Sawa, Bibi." (Mwenyewe alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Mtu wa miaka 88! Nikamwambia sitaweza, nikamfundisha neno "Bibi," akalipenda, mpaka majirani wakaanza kulitumia.) Ilinichukua karibu mwaka mzima kujua kwamba siku ile hakuwa amekosea hata kidogo.

Mji ule unaitwa Deep River. Uko kwenye jimbo la Connecticut, kando ya mto wenye jina la jimbo, na watu wake hawafiki elfu tano. Mimi naishi New Haven, mwendo wa dakika 45 kwa gari, na kwa miaka mitatu nilikuwa nakwenda huko siku nne kwa wiki kumtunza Bibi. Barabara kuu ni moja. Makanisa kadhaa, posta, maduka ya vitu vya kale, na jengo la halmashauri ya mji la mwaka 1893 lililobanwa kwenye njia panda hadi likawa na umbo la kipande cha keki. Mbele yake amesimama tembo.

Tembo wa sanamu, lakini tembo kamili. Na si huyo tu. Nilimkuta kwenye nembo ya mji na kwenye mabango ya maduka. Mimi kwa ujuzi wangu wa siasa za Marekani nikahitimisha kwamba mji mzima ni wa chama cha Republican, maana tembo ndiye alama yao. Miezi miwili nilikuwa makini sana na maneno yangu pale dukani. Nilipomweleza Bibi, alicheka mpaka nikamletea maji.

Basi ndipo akaanza kunituma. Aliniambia nikitoka kumnunulia mkate nipite barabara fulani nisome kibao fulani, nikirudi nimsimulie. Macho yake yalikuwa yamefifia, na nadhani alitaka kuutembelea tena mji wake kwa miguu yangu.

Sijawahi kuona watu wanaopenda vibao kama watu wa New England, yaani majimbo haya ya kaskazini mashariki. Nyumba ya mbao ya kawaida kabisa, yenye baiskeli ya mtoto barazani, utaikuta ina kibao cheupe ukutani: jina la mwanamume na mwaka. Fulani, 1790. Fulani mwingine, 1826. Mara chache sana mwanamke. Hakuna mfalme aliyelala humo wala vita vilivyopiganwa. Alijenga tu seremala au nahodha wa merikebu, wakamwandika. Mwanzoni niliona ni majivuno. Kisha nikakumbuka sisi Tabora tuna Kwihara, na pale Kwihara tembe lililofanywa makumbusho ni lile la Livingstone, mgeni aliyekaa miezi michache mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Tumeweka kibao cha mgeni. Wapagazi aliokuwa akiwasubiri hawana hata kijiti.

Kando ya mji kuna jengo kubwa la matofali mekundu, la ghorofa nyingi, madirisha mengi kuliko shule. Sasa ni makazi ya watu wenye uwezo. Zamani lilikuwa kiwanda cha Pratt, Read, kampuni iliyoundwa 1863 kwa kuunganisha wafanyabiashara wa pembe wa bonde lile. Kiwanda cha kwanza kiliteketea 1881, wakajenga hiki. Ukienda kilomita chache unafika kijiji kinachoitwa Ivoryton, yaani Mji wa Pembe, nao hawakuona haya kuuita hivyo. Huko ilikuwa kampuni ya Comstock, Cheney. Wenyeji watakwambia kwamba pembe zote zilizoingia Marekani, kwa kila kumi tisa zilipitia mikononi mwa vijiji hivi viwili. Walianza na vitana. Mtu mmoja, shemasi Phineas Pratt, alibuni mashine ya kukatia meno ya vitana mwishoni mwa karne ya 18. Halafu piano zikawa fasheni katika kila sebule ya Marekani, vitana vikasahaulika.

Kazi yenyewe nilisimuliwa na mzee wa kujitolea kwenye nyumba ya mawe ya barabara kuu, ambayo wenyeji wameifanya makumbusho yao. Pembe zilishushwa New York, zikapandishwa mto kwa meli. Zikakatwa magogo, magogo yakakatwa vipande, vipande vikapasuliwa kwa msumeno mwembamba hadi vikawa tando nyepesi. Kisha zikalowekwa dawa na kupangwa kwenye mabanda marefu ya vioo yaliyoelekezwa kusini, zianikwe juani kwa majuma mengi mpaka ziwe nyeupe sawasawa. Mji ulikuwa umejaa hayo mabanda. Mgeni aliyeuliza kama yale ni mashamba ya nyanya alijulikana hajui chochote. Piano moja ina vibonyezo vyeupe 52. Hesabu yao ni kwamba pembe moja ya kilo 34 ilitosha piano 45.

Nilisimama mbele ya kipande cha pembe kwenye kabati la kioo nikapiga hesabu kwa njia yangu. Kilo 34. Ni kama frasila mbili na ushee. Hilo neno frasila nililisikia utotoni kwa wazee, na nilijua maana yake bila kujua nimelijulia wapi: ndio mzigo wa mtu mmoja, frasila mbili, kichwani au begani, kutoka kwetu hadi Bagamoyo.

"Hizi zilinunuliwa wapi?" nikamuuliza mzee.

"Zanzibar," akasema, kama anayetaja mtaa wa pili. George Cheney, mmoja wa wenye ile kampuni ya Ivoryton, alipata kuishi Zanzibar akiwa wakala wa pembe. Ernst Moore, kijana wa bonde hilihili, alikwenda kuzinunua mwanzoni mwa karne ya 20, na uzeeni akaandika kwa uchungu juu ya biashara iliyomlisha. Na kabla yao walikuwa watu wa Salem, mji wa jimbo la Massachusetts, kaskazini kidogo, ambao balozi wao mdogo wa kwanza alifika Unguja 1837. Walileta nguo. Ile nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito, tunayoiita merikani hadi leo, jina lake limetoka huko. Bibi mzaa mama alikuwa akishonea mifuko ya mchele kwa merikani. Hakuna siku iliyonijia kwamba neno hilo ni jina la nchi.

Niliporudi kwa Bibi siku hiyo nilikuwa nimechelewa kwa nusu saa na mkate nimeusahau. Nikamwambia, "Bibi, ulisema kweli. Zimetoka kwetu." Akauliza kwetu wapi. Nikamchorea ramani kwenye bahasha ya bili ya umeme: Ujiji, Tabora, Mpwapwa, Bagamoyo, Unguja. Aliibandika kwenye jokofu.

Kuna kisa kimoja cha Deep River ambacho lazima nikiseme, maana ndicho kilichonipotosha. Mtaa mmoja unaitwa Winter Avenue. Jina limetokana na William Winters, mtu mweusi aliyefika mjini 1828 akiwa ametoroka utumwa wa Kusini. Jina lake la mwanzo lilikuwa Daniel Fisher. La Winters alijipa njiani, afiche nyayo. Aliyempokea na kumpa kazi ni George Read, shemasi wa Kibatisti, mpinga utumwa wa kweli, aliyekuwa tayari kuvunja sheria kwa ajili ya mtu asiyemjua. Na huyohuyo Read ni miongoni mwa walioanzisha biashara ya pembe mjini.

Watu wa Deep River wa leo hawakifichi kisa hiki. Wanakisimulia wenyewe, wakitikisa kichwa: angalia, mkono mmoja unamficha mtumwa, mkono mwingine unashika pembe zilizobebwa na watumwa. Ni simulizi nzuri. Ina mizani, ina aibu ya kutosha, mwisho wake msikilizaji anajiona ameelimika. Niliipenda sana. Niliipenda kiasi kwamba sikuichunguza.

Rafiki wa Bibi, mama mmoja aliyekuwa akija kumsomea magazeti, aliiona ile ramani kwenye jokofu. Haukupita muda nikaalikwa kuzungumza kwenye ukumbi mdogo wa jirani, jioni ya Alhamisi, wenyeji wapenda historia wapatao 30, kahawa na biskuti. Nilivaa shati langu la kitenge. Niliongea dakika 20. Nikawaeleza njia ya msafara, jua, miiba, njaa ya Ugogo, na nikawaeleza kwamba babu yangu, baba yake babu, alikuwa mmoja wa watumwa waliobeba pembe zile hadi pwani. Nilisema "minyororo." Nakumbuka vizuri nilisema minyororo, kwa sababu niliposema, mwanamke mmoja mstari wa mbele alifungua mkoba akatoa kitambaa.

Walisimama kupiga makofi. Wakaniomba niandike ukurasa mmoja, wauweke kwenye jalada la makumbusho yao, na pengine baadaye utumike kwenye bango jipya wanalotaka kulisimamisha. Nikaandika usiku uleule. Nikaupiga picha, nikautuma kwa baba mkubwa kule Tabora, kaka yake marehemu baba, mtu wa miaka 82 anayesoma WhatsApp kwa miwani miwili.

Kesho yake nikapiga simu. Kwangu saa moja asubuhi, kwake saa nane mchana.

"Shikamoo baba."

Kimya kidogo. "Marahaba. Nani alikwambia babu yangu alikuwa mtumwa?"

Sikuwa na jibu. Kwa kweli hakuna aliyeniambia. Nilisoma hapa na pale, nikasikia habari za Winter Avenue, nikaona picha za watu waliofungwa shingo, nikachanganya. Nilijua kutoka kwa baba kwamba mzee yule alibeba pembe. Sehemu nyingine niliijaza mwenyewe, kwa sababu ukumbi ule ulikuwa na umbo la kungojea jambo hilo.

Baba mkubwa hakupaza sauti; angepaza ningepumua. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto wa shule. Mnyamwezi alikwenda pwani kwa ujira. Alipatana na mwenye msafara, akapewa nguo na shanga, njiani akapewa posho, na akiona kadanganywa aliuweka mzigo chini akaondoka, mwenye msafara akabaki porini na bidhaa zake analia. Kijana ambaye hajafika pwani hakuoa. Nani ampe binti yake mtu asiyejua bahari? Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, na nyuma yake hawakufuata watu wa nguo wala wa shanga. Walifuata watu wa pembe. Pembe kubwa ilipewa mwenye mabega, naye akaifunga kengele kwenye ncha, ili akiingia kijijini wanawake wasikie kabla hawajamwona.

"Babu yangu alikuwa na kengele," akasema. "Mimi nimeishika. Wewe umemwondolea kengele umemtia mnyororo. Mbele ya wazungu."

Hilo la mwisho liliniuma, nikajaribu kujitetea. Nikasema, baba, lakini watumwa walikuwepo, soko la Unguja lilikuwepo hadi 1873, na hata hapo Bagamoyo. Akakubali bila ubishi. Walikuwepo, wengi, akasema, wengine wamebebeshwa pembe hizohizo, hasa waliotolewa Manyema, kule mashariki ya Kongo, vijiji vimechomwa. Usipunguze hata mmoja. Lakini usichukue msiba wa mtu mwingine ukauanua kwenye ua wako.

Siku hiyo nilimpa Bibi dawa kabla hajala. Hakugundua, au hakusema.

Nilirudi kwa wale wapenda historia nikaomba ukurasa wangu. Si rahisi kusimama mbele ya watu waliokupigia makofi na kuwaambia uliwadanganya, hata kama hukukusudia. Yule mzee wa nyumba ya mawe alinitazama juu ya miwani yake, akaniuliza kama nimeshawishiwa na mtu. Nikamwambia ndiyo, na mjukuu wa mwenyewe. Akauliza swali la haki kabisa: kama wapagazi walilipwa, je, si mimi sasa nawasafisha akina Read na Cheney? Watu hapa walikuwa wameshafika mahali pa kukiri. Je, niwaambie wasikiri?

Swali hilo lilinichosha wiki tatu. Nilikuwa naandika kwenye meza ya jikoni ya Bibi, yeye akiwa amelala mchana. Kila sentensi niliyoweka iliegemea upande. Nikisema "walilipwa," inasikika kama kazi ya ofisini. Nikisema "waliteseka," narudi kwenye minyororo. Hesabu ya tembo nayo haikuwa na pa kukaa, maana mpagazi mwenye kengele na mtumwa wa Manyema wote wamebeba pembe ya mnyama aliyekufa, na kwa mnyama haina tofauti. Viwanda vile viliendelea kukata pembe hadi miaka ya 1950, ndipo plastiki ikachukua nafasi. Kufikia hapo njia yetu ya miguu ilikuwa imekwisha kitambo. Reli ilifika Tabora 1912, na baba mkubwa anasema babu yake alikwenda kuitazama siku ya kwanza, akarudi nyumbani, akatundika ile kengele ukutani.

Hatimaye nikawa na ukurasa. Haukuwa na machozi. Ulisema watu wa kwetu walikwenda kwa miguu yao, wakalipwa kwa nguo iliyofumwa Massachusetts, wakajivunia kazi hiyo. Ulisema wengine walipelekwa kwa nguvu, na kwamba kwenye pembe iliyokwisha kuwa kibonyezo hakuna anayeweza kujua ipi ilibebwa na nani. Mzee wa nyumba ya mawe alipousoma alikaa nao muda mrefu. Akasema utakuwa mgumu kuuweka kwenye bango. Bango linataka maneno 100.

Kabla sijamkabidhi nikampigia tena baba mkubwa, nimsomee. Safari hii nilimsalimu kwa lugha ya nyumbani, mwangaluka, kwa woga. Akaitika, akasikiliza hadi mwisho. Nikamsikia anamwambia mtu azime redio.

"Umeandika vizuri," akasema. "Babu yangu umemrudishia kengele yake."

Nikashukuru.

"Lakini safari ya pwani ilikuwa miezi mingapi?"

Nikasema kwenda tu inafika miezi mitatu. Kwenda na kurudi, pengine nusu mwaka na zaidi, ukihesabu kusubiri.

"Na anaporudi anakuta mahindi ghalani. Mtama umevunwa. Nani alilima?"

Nikasema wake zake.

"Mke mmoja," akasema baba mkubwa. "Na huyo mwingine." Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika, nikaita haloo mara mbili. "Ile merikani aliyolipwa, unadhani yote alivaa? Watu wengi wa hapa walioshika nguo walinunua mikono ya kulima. Yeye alinunua mtoto wa kike kutoka Manyema. Alikuja hajui hata lugha yetu. Akakua, akalima, kisha akamchukua akawa mkewe. Ndiye aliyemzaa baba yangu."

Nilikuwa nimesimama karibu na piano. Sikumbuki nilisogea saa ngapi.

"Kwa hiyo mtumwa ulimpata," akasema. "Ila ulikosea mtu."

Alinieleza kwa nini hawakuwahi kutuambia. Bado kuna watu wa ukoo wanaojua, na lilipozuka shauri la shamba miaka ya 1980 upande wa mke mkubwa walilitumia, wakasema wale ni watoto wa mjakazi, hawana sauti. Baba yangu alikuwa kwenye kikao hicho. Alirudi nyumbani akatwambia wamekubaliana vizuri. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Nakumbuka alikula chakula chote.

Niliuliza jina lake. Baba mkubwa alinitajia mawili: alilokuja nalo na alilopewa. La kwanza alilitaja polepole, herufi kwa herufi, nami nikaliandika pembeni ya ile bahasha ya ramani, ambayo kwa sasa iko kwangu. Bibi alifariki majira ya baridi yaliyofuata, na binti yake alinipa vitu viwili, bahasha hiyo na fedha kidogo ndani ya kadi. Piano waliiuza pamoja na nyumba, nadhani. Siku ya mwisho niliyofika kukusanya viatu vyangu ilikuwa bado pale, wazi, jua la saa nne likiwa juu ya zile nyeupe 52.

Ukurasa wangu uko kwenye jalada la Deep River, na una aya mbili. Ya tatu nimeshaiandika. Nimeiandika mara nyingi, ni fupi, haifiki maneno 100, ingetosha kwenye bango. Ina jina lake la kwanza. Kila Jumapili nikimpigia baba mkubwa namwuliza, na kila Jumapili ananiambia bado anafikiri.